Mayai ya Maman Micheline na Waya wa Matanga

Kila siku alipotoka shuleni, Elodie alivua sare, akanawa miguu, akala kilichobaki cha mchana, kisha akakaa kwenye benchi la sebuleni na simu ya nyumba mkononi. Watoto wa jirani walimwonea gere, wakidhani anacheza michezo. Kumbe mwenzao alikuwa kazini. Alikuwa anaangalia betri.

Nyumba yao ya Kasha, mtaa wa pembeni mwa Bukavu, ilikuwa na paneli za jua juu ya bati, betri chini ya meza, na kisanduku cheupe ukutani ambacho Tonton Cédric, mdogo wake mama, alikifunga kwa mkono wake. Tonton Cédric alikuwa fundi wa umeme mjini Bukavu, na kisanduku kile alikisifu kama mtu anavyomsifu mtoto wake aliyefaulu mtihani. Umeme wa mji ulipokatika, na umeme wa mji haubishi hodi unapoondoka, kisanduku kilihamia chenyewe kwenye betri kabla hujamaliza kusema "imeenda." Halafu kilianza kubana matumizi, nacho hakikuwa na huruma.

Prizi za nyumba, yaani matundu ya ukutani ya kuchomekea umeme, zilikuwa na alama za rangi. Prizi ya kijani ilikuwa ya televisheni na friji. Betri ikifika nusu, kisanduku kiliikata. Prizi ya njano ilikuwa ya taa na ya kuchajia simu. Betri ikizidi kushuka, nayo ilikatwa. Prizi nyekundu haikukatwa hata mara moja, isipokuwa betri iishe kabisa. Hiyo ilikuwa ya kuveze.

Kuveze ni sanduku la kuangulia vifaranga, linaloyapa mayai joto badala ya kuku mwenyewe. Maman Apolline, mama yake Elodie, aliangulia humo mayai ya watu wa Kasha na ya vijiji vya barabara ya kaskazini. Simu ilionyesha joto la kuveze, hali ya betri na prizi ipi inafanya kazi. Lakini Maman Apolline alisema macho yake hayapatani na herufi ndogo, kwa hiyo Tonton Cédric alimfundisha Elodie.

"We mwenyewe njo utachunga," alimwambia. "Kama kuko kitu hauelewi, uulize. Na ile prizi nyekundu, hata papa yako atoke Shabunda na mashini yake ya kunyoa ndevu, asichomeke pale."

Elodie alicheka. Baba yake alikuwa anafanya kazi machimboni Shabunda na ndevu zake zilijulikana mtaa mzima. Lakini alielewa, tena vizuri sana.

Wiki ile kuveze ilibeba mayai ya Maman Micheline wa Mudaka. Mama huyo alikuwa na kuku wa madoadoa, uzao aliorithi kutoka kwa mama yake mzazi. Alileta mayai, akarudi kwake, na siku chache baadaye ugonjwa wa kuku ukaingia Mudaka ukafagia banda lake lote. Alipokuja tena Kasha alikuwa mikono mitupu. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha kuveze, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mama Elodie," alisema, "kuku yangu yote njo hii iko humu ndani. Hakuna ingine."

"Itatoka, Mama Micheline," Maman Apolline alimjibu. "Tunaichunga."

Basi mayai yalipokuwa yamebakiza siku chache yapasuke, Muzee Bulonza akafariki.

Muzee Bulonza alikuwa jirani wao wa ukuta kwa ukuta, babu yake Fanny, na Fanny alikuwa rafiki wa Elodie tangu darasa la kwanza. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameifunga Bukavu na umeme wa mji ulikuwa umeenda tangu jana yake. Lakini Kasha matanga hayakai gizani. Nyumba yenye umeme hutoa waya kwa nyumba yenye msiba, na hakuna anayeulizwa kama anataka au hataki. Maman Apolline, kabla hajachukua sufuria na kisu kwenda kuwasaidia wanawake wenzake, alimwita Elodie.

"Pitisha waya ku dirisha, uwapatie taa moja. Uchomeke ku prizi ya njano. Umesikia?"

"Nimesikia, maman."

Na Elodie akafanya hivyo hivyo. Taa ikawaka uani kwa Fanny, juu ya viti vya plastiki na vichwa vya watu, na mambo yakaenda sawa mpaka giza lilipoingia na sala ikaanza. Katikati ya rozari, taa ikazimika.

Fanny alikuja mbio, macho yamevimba kwa kulia.

"Elodie, taa imezimika. Batu banaombea babu mu giza."

Elodie alitazama simu. Mambo yalikuwa wazi: paneli hazikupata jua mchana, betri ilikuwa imeshuka, na kisanduku kilikuwa kimekata prizi ya njano kama kilivyoagizwa. "Si mimi," alisema. "Ni mashini njo imekata."

"Haiwezi kungojea hata kidogo? Babu alikuwaka anaogopa giza. Unajua."

Elodie alijua. Mara ngapi Muzee Bulonza aliwatuma wamwashie taa ya mafuta hata kabla jua halijazama, na mara ngapi walimcheka. Sasa hakuna aliyecheka. Alitazama prizi nyekundu ukutani, akatazama uso wa Fanny, akajiuliza: taa moja inakula nini? Akachukua prizi ya kugawanya, akaiweka kwenye nyekundu, akachomeka kuveze upande mmoja na waya wa matanga upande wa pili.

Hakumuuliza mama yake. Angesema mama alikuwa katikati ya wanawake wanaosali, na ni kweli alikuwa huko. Lakini tusidanganyane: hakumuuliza kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari.

Taa iliwaka. Watu uani wakashusha pumzi, na sala ikaendelea pale ilipokomea. Elodie akaenda kukaa karibu na Fanny, akamshika mkono. Simu aliizima sauti kwa heshima ya sala. Baadaye kwaya ya parokia ikafika, na vijana wa kwaya, walipoona umeme wa kwa Maman Apolline hautikisiki, wakachomeka kipaza sauti chao na spika kubwa. Mtu mwingine akachomeka birika la umeme ili wazee wapate chai. Elodie aliimba pamoja na wengine, tena kwa sauti nzuri, bila kujiuliza ile spika inapata wapi nguvu. Usingizi ulipomzidi alimchukua mdogo wake Gentil, wakaenda kulala. Mama yake alibaki na wanawake wa matanga, kama ilivyo desturi.

Asubuhi kilichomwamsha kilikuwa ukimya. Kuveze ina feni ndogo inayovuma mchana na usiku, na masikio ya Elodie yalikuwa yameizoea kama pumzi ya Gentil. Sasa haikuvuma. Taa yake ndogo ilikuwa imezimika. Kisanduku cheupe nacho kilikuwa kimelala. Simu ilikuwa imejaa tahadhari zilizokuja moja juu ya nyingine bila sauti, na ya mwisho ilisema betri imeisha, vyote vimezimwa.

Aliinua kifuniko, akashika yai. Lilikuwa baridi kiasi cha kumfanya aurudishe mkono haraka.

Elodie alikimbilia ukutani. Alichomoa waya wa matanga kutoka prizi nyekundu akaurudisha kwenye ya njano, akaacha kuveze peke yake kwenye nyekundu, akaificha prizi ya kugawanya chini ya godoro. Kana kwamba mayai yangepata joto kwa kutoona ushahidi. Akatoka nje kuangalia mbingu. Mawingu yalikuwa pale pale, mazito, yamekaa juu ya ziwa. Tonton Cédric alikuwa amemweleza siku ya kwanza: betri ikiisha kabisa, kisanduku hakitoi umeme tena mpaka jua liijaze kidogo, la sivyo betri inaharibika. Na jua lenyewe halikuwepo.

Maman Apolline akaingia kubadilisha nguo kwa ajili ya maziko, amechoka, sauti imekauka kwa kuimba.

"Taa ya matanga imezimika tena, prizi ya njano njo imekata. Kuveze iko sawa?" aliuliza huku akitafuta kitenge.

"Iko sawa, maman."

Uongo ukitoka huwa mwepesi. Uzito wake huja baadaye. Elodie alikuwa anafunga begi la shule wakati Maman Chantal, mama yake Fanny, aliposimama mlangoni.

"Niko natafuta huyu mutoto," alisema, akamshika Elodie mashavu kwa mikono yote miwili. "Fanny ameniambia. Jana tungelia papa yetu mu giza kama haikuwa we. Mungu akulinde, mwanangu. Mama Elodie, umezaa mutu."

Maman Apolline alitabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomchoma Elodie kuliko fimbo. Aliaga kwa sauti ya chini, akatoka.

Njiani alijipa moyo kwa kila namna. Labda mawingu yatafunguka. Labda umeme wa mji utarudi. Labda mayai ni magumu kuliko yanavyoonekana, na hata yasipopasuka, watu watasema ni ule ugonjwa wa Mudaka. Hilo la mwisho lilimtisha alipolisikia kichwani mwake. Alikuwa amefika kwenye kona wanapokaa waendesha pikipiki, na mmoja wao alikuwa anaita abiria kwa sauti ya kuvuta: "Mudaka, Mudaka, Mudaka, inabakia mutu moja!"

Elodie akasimama. Aliona ule mkono juu ya kifuniko cha kuveze. Maman Micheline alikuwa kule mwisho wa barabara hiyo, ameketi mbele ya banda tupu, anahesabu kwamba kuku wake wako salama kwa watu anaowaamini. Elodie akageuka na kuanza kukimbia, begi likimpiga mgongoni.

Alimkuta mama yake anafunga kitambaa cha kichwa, tayari kutoka.

"Maman, nimesema uongo," alisema, akihema. "Kuveze imezimika. Sijue tangu saa ngapi. Ni mimi nilichomeka waya ya matanga ku prizi nyekundu."

Maman Apolline alibaki na mikono juu kichwani. Elodie alingoja kofi, na kwa kweli angelipokea kwa shukrani. Lakini mama yake aliingia ndani, akainua kifuniko, akashika mayai moja baada ya jingine, akayafunika.

"Washa mbabula. Nje, kule ku upepo, usiilete humu. Moshi ya makala inaua batu, inaweza kuua ata hivi vifaranga. Weka maji. Ju ya nini uko nasimama?"

Elodie alikimbilia jiko la makaa. Mama yake alimpigia simu Tonton Cédric, akaweka sauti ya juu ili Elodie asikie.

"Musifungue ile sanduku kila mara," Tonton alisema. "Kila mukifungua, joto inatoka. Muweke chupa za maji ya moto pembeni, si ju ya mayai. Maji iwe kama ya kuogeshea mutoto muchanga. Na musilazimishe batri, muiache. Mimi niko nakuja." Halafu akamwita mpwa wake. "Elo, unanisikia? Mayai yenye iko karibu kupasuka inaweza kuvumilia baridi kidogo. Kidogo. Umesema mapema, ni vizuri. Ungesema ku jioni, hatungekuwa na kitu ya kufanya."

Maji ya sufuria moja hayatoshi kujaza chupa nyingi, na jiko la makaa halina haraka. Maman Apolline alitoka hadi uani kwa jirani, na Elodie alimsikia akieleza mbele ya wanawake wote bila kupunguza wala kuongeza. Aliona aibu, masikio yakamwaka moto. Lakini penye matanga hapakosi maji ya moto. Mara wanawake wakaanza kuingia, huyu na termosi, yule na bidoni lililofungwa kitenge, na wa kwanza wao alikuwa Maman Chantal mwenyewe, mwenye msiba.

"Birika ile ni mimi nilikubali bachomeke," alisema akiweka termosi mezani. "Na spika, nilibaachia. Sikuuliza inakula nguvu kiasi gani. Elodie, usibebe hii yote peke yako."

Walizungushia kuveze chupa za maji, wakaifunika kwa blanketi la Gentil, ambaye aliuliza kama mayai yana homa. Chupa zilipopoa walibadilisha. Wanawake walikwenda kwenye maziko na kurudi, na Elodie, ambaye mama yake alimwombea ruhusa kwa mwalimu, alibaki anabeba maji na kuangalia kipimo cha joto kwenye kitundu cha kifuniko, bila kufungua. Joto lilipanda polepole mno.

"Sasa," Maman Apolline alisema aliporudi, akimpa simu, "mupigie Mama Micheline."

"Maman, umupigie weye."

"Mayai ni yake. Uongo ni yako. Piga."

Elodie alipiga. Alieleza yote bila kuficha kitu. Kisha Maman Micheline alipumua.

"Muzee mwenyewe mumeshamuzika?"

"Ndiyo, maman."

"Apumuzike kwa amani." Kisha akarudi kwenye habari ya mayai. "Nimekusikia, mutoto wangu. Nina huzuni. Endelea kuyapasha."

Hakumtukana. Elodie aliirudisha simu kwa mama yake, akakaa chini ya meza karibu na betri, akalia mpaka akachoka.

Alasiri mawingu yalipasuka, paneli zikapata jua, na Tonton Cédric, aliyekuwa amefika na viatu vyenye tope, akasubiri kisanduku kiamke chenyewe. Kiliamka. Feni ya kuveze ikaanza kuvuma. Usiku ulipoingia, alizima taa, akaweka tochi ya simu nyuma ya yai moja ili mwanga upite ndani. Elodie alisogea. Ndani ya wekundu ule kitu cheusi kilikaa kimya, kimya, halafu kikajinyoosha.

"Linaishi," Tonton alisema. Mengine yaliishi. Mengine hayakusogea, na Tonton aliyaweka pembeni bila maneno.

Vifaranga walianza kutoka Jumapili, baada ya misa. Maman Micheline alifika kutoka Mudaka na kikapu chenye nyasi kavu, akakuta sanduku limejaa sauti. Walikuwa wachache kuliko mayai aliyoleta, na kila mtu chumbani aliliona hilo. Aliwachukua mmoja mmoja, akiwapulizia manyoya yakauke, na alipopata wa kwanza mwenye madoadoa alifunga macho kwa muda. Uzao wa mama yake ulikuwa haujakatika.

Elodie alisimama kando, hajui mikono aiweke wapi. "Maman Micheline, munisamehe. Ile mingine imekufa ni ju yangu."

"Ni kweli," Maman Micheline alisema. "Na hii inaishi, ni ju yako pia."

Tonton Cédric alikohoa. Alikuwa ameleta mpango wake: angeweka namba ya siri kwenye simu, ijulikane na watu wazima tu, ili mtoto asishike tena mambo ya betri. Alikuwa ameshaanza kubonyeza.

"Ngoja kwanza," Maman Apolline alisema. Akamgeukia binti yake. "Sikia, Elodie. Kusaidia batu ya matanga haikuwa kosa. Ungekuja kuniuliza, tungetafuta mushumaa ao taa ya mafuta, na babu yake Fanny asingeliliwa mu giza. Kosa ya kwanza ni kufanya muzuri kwa kujificha. Kosa ya pili, na hii njo kubwa, ni kusema iko sawa wakati haiko sawa. Ile mashini haijue kuku, haijue matanga. Inaamini kila kitu mutu anaiambia. Mimi pia nilikuamini. Wenye kuaminiwa wanapaswa kusema kweli, na waseme mapema, wakati maji ya moto ingali inaweza kusaidia."

"Nimesikia, maman," Elodie alisema, na safari hii hakuwa anaangalia chini.

Tonton Cédric alibaki na simu mkononi. "Basi niweke namba ya siri, ao nisiweke?"

Aliyejibu ni Maman Micheline, aliyekuwa anafunika kikapu chake kwa kitambaa.

"Hawa wakikomaa watataga, nami nitaleta mayai tena hapa. Mupatie huyu mutoto simu. Mwenye hajakosea bado, sijue siku atakosea kama ataniambia ao atanificha. Huyu najua."